Mtoto Naye Ni Abiria: Maneno Yetu kwa Wananchi wa Kansay



Tunamshukuru mwalimu aliyekubali kutufasiria kwa Kiiraqw kwa ajili ya bibi zetu walioketi mbele. Tutajitahidi tusimkimbize.

Leo hatukuja na gari la ofisi. Tulipanda gari la abiria pale Karatu mjini, Noah kama zile mnazozijua, yenye viti saba vya abiria. Lilipoondoka stendi tulikuwa watu wazima kumi na mmoja, watoto wanne na kuku ambao hatukuwahesabu. Mtoto mmoja, wa miezi mitano hivi, alikuwa kiti cha mbele, mapajani pa mama yake. Mama mwenyewe aligawana kiti hicho na mzee aliyebana dumu la mafuta ya taa katikati ya miguu yake. Tulimwomba utingo amhamishie mama huyo safu ya nyuma, tukawa tayari kumpisha. Utingo hakuwa mkorofi. Alicheka tu, akasema: "Huyo mtoto si abiria, jamani. Huyo ni mzigo wa mama yake."

Abiria wote walicheka naye, na hatutaficha kwamba hata mmoja wetu alitabasamu. Mama alihamia nyuma, safari ikaendelea. Lakini sentensi ile imekaa nasi njia nzima, na hotuba tuliyokuwa tumeiandika ofisini tumeikunja. Tutazungumza juu ya maneno ya utingo.

Tuanze na huo mzigo. Mtoto wa miezi mitano au sita huwa na kilo 7 au 8. Mama humbeba tangu alfajiri, akateka maji naye, akapalilia naye, na hamwoni kuwa mzito. Sasa lichukulieni gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao sheria yetu inauruhusu hata ndani ya makazi. Ng'ombe akakatiza, au lori likasimama ghafla mbele, gari likagonga. Gari husimama. Kilichomo ndani ya gari hakisimami; huendelea mbele kwa mwendo ule ule wa kilomita 50 mpaka kikutane na kitu cha kukizuia. Ikiwa sehemu ya mbele ya gari itabonyea kwa nusu mita, basi kila kitu ndani kinatakiwa kisimame katika muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde, na katika muda huo kila mwili huvuta mbele kwa nguvu ya mara 20 hivi ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 anakuwa kana kwamba ana kilo 160. Hilo ni gunia la mahindi na zaidi ya nusu ya gunia la pili.

Hapa Kansay wapo vijana wanaopakia magunia ya mbaazi kwenye lori kutwa nzima. Tunawauliza: nani miongoni mwenu anaweza kulidaka gunia na nusu, kwa mikono miwili, akiwa ameketi, bila kuambiwa kwamba linakuja? Upendo wa mama hauna mpaka, lakini mikono yake ina mpaka. Na hapa tumezungumzia mama aliyefunga mkanda. Mama asiyefunga mkanda naye huruka mbele, na mtoto aliyekuwa mapajani hujikuta kati ya dashibodi na mwili wa mama yake.

Ikiwa hesabu za uzito hazimwingii mtu, basi atumie za kimo. Kugonga kitu kisichosogea kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita 10 hivi, yaani ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 30 ni mita tatu na nusu, juu ya paa la nyumba ya kawaida. Kwa kilomita 80, mwendo wa mabasi kwenye lami, ni mita 25. Hakuna mzazi hapa atakayempandisha mtoto juu ya paa na kumwachia.

Kabla hatujaanza, mzee mmoja alitukaribisha chini ya mti, akatuuliza swali zuri. Alisema: "Sisi tulilea watoto tisa, tukawasafirisha kwenye malori juu ya magunia, wote wapo. Mbona leo mnatutisha?" Mzee wetu, hatukutishi, na swali lako tunalichukua kwa heshima. Lori lile lilipita mara moja kwa juma, likatambaa kwenye makorongo kwa mwendo wa baiskeli. Leo kijana wako akitoka hapa kwa njia ya vumbi, baada ya muda anaingia kwenye lami itokayo Makuyuni, ipitayo Mto wa Mbu na Karatu mpaka lango la Ngorongoro, na juu ya lami hiyo yapo magari ya watalii, mabasi ya Arusha, malori ya vitunguu kutoka Mang'ola na bodaboda, kila mmoja na haraka yake. Barabara imetuletea soko na hospitali. Imeleta pia mwendo, na mwili wa mtoto haukubadilika.

Na wilaya hii haihitaji mgeni kuja kuieleza ajali ni nini. Tarehe 6 Mei 2017, kwenye mteremko wa Rhotia Marera, basi la wanafunzi waliokuwa wakitoka Arusha kuja Karatu kufanya mtihani wa kujipima lilitumbukia korongoni. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Wanafunzi watatu walinusurika, wakapelekwa kutibiwa Marekani, katika mji wa Sioux City. Wengine kati yenu mlikimbia kule kusaidia. Hatulitaji jambo hilo ili kutia chumvi kwenye kidonda. Tunalitaja kwa sababu tangu siku ile kila mtu wa Karatu anajua kwamba gari lililojaa watoto ni gari lililobeba watu, tena watu ambao hawakuchagua dereva, wala kiti, wala saa ya kuondoka. Mtu mzima humwambia dereva, "Punguza mwendo." Mtoto wa miezi mitano humwambia nani?

Sasa tuje kwenye yale yanayowezekana, maana hatukuja kuwaambia mnunue vitu ambavyo havipo dukani Karatu.

Wengi wenu hamna magari. Mnapanda Noah, Hiace, Land Rover za siku ya mnada, na katika magari hayo hamtakuta kiti cha mtoto. Lakini mnaweza kuchagua mahali pa kukaa, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Mtoto asikae mbele. Kiti cha mbele ndicho cha kwanza kupokea kishindo, na kina kioo na dashibodi mbele yake. Magari mengi yaliyotoka Japani yana mfuko wa hewa upande wa abiria. Ukiona maandishi SRS AIRBAG kwenye dashibodi, fahamu kwamba mfuko ule hufumuka kwa nguvu ya kumzuia mtu mzima, na kwa kichanga nguvu hiyo yaweza kuua. Safu ya kati, nyuma ya kiti cha mbele, ni afadhali zaidi.

Mtoto anayeweza kuketi mwenyewe bila kuegemezwa, wa miaka mitatu au minne na kuendelea, akae kwenye nafasi yake na mkanda wake. Hapa ndipo penye ugumu, nasi hatutaki kuupita kimyakimya. Nafasi yake ina maana ya nauli yake. Tunajua nauli ya pili ni daftari, ni sabuni, ni nusu ya dawa iliyomtoa mtu nyumbani. Rai yetu ni hii: ikiwa ni safari ndefu ya lami, Karatu hadi Arusha kwa mfano, nauli hiyo ilipwe kama inavyolipwa ya mtu mzima, na iulizwe mapema kabla ya kupanda, ili kiti kikilipiwa kiwe cha mtoto kweli, asije akaambiwa njiani asimame ampishe mkubwa. Mtu aliyelipia kiti ana haki nacho, awe na umri wa miaka 40 au minne. Kwa safari fupi ya vumbi, mzazi asiye na uwezo wa nauli ya pili asijione mkosaji. Ashikilie walau safu ya nyuma.

Mkanda wa mtoto upite chini, kwenye mifupa ya nyonga, usikae tumboni. Kipande cha juu kipite katikati ya bega, kisikwaruze shingo. Kikigusa shingo, watu wengi hukipitisha chini ya kwapa. Tafadhali msifanye hivyo. Mkanda wa kwapani huvunja mbavu na kuumiza ini. Afadhali mtoto asogezwe upande wa kifungo, au ainuliwe. Wala watoto wawili wasifungwe mkanda mmoja, hata kama ni mapacha. Gari likigonga vichwa vyao hukutana.

Na kichanga je? Kichanga ndani ya gari la abiria atabaki mikononi, hilo tunalikubali kwa masikitiko. Basi mama aketi nyuma, ajifunge yeye kwanza, mkanda upite nyuma ya mtoto, yaani kati ya mtoto na mwili wa mama. Usiwazungushe nyote wawili ndani ya mkanda mmoja, kwa kuwa mama atamkandamiza mtoto dhidi ya mkanda kwa uzito tuliokwisha kuuhesabu. Asibaki mgongoni kwenye khanga. Mama akirudishwa nyuma kwa kishindo, mtoto ndiye atakayekuwa mto. Ashikwe kifuani, mkono mmoja nyuma ya kichwa. Hii si kinga kamili, wala tusidanganyane. Ni kupunguza madhara pale ambapo njia iliyo bora haipo.

Madumu, majembe, ndoo za mafuta, magunia: viwe chini au vifungwe. Kitu kilichopakatwa mbele ya mtoto ni kitu kitakachomrukia.

Juu ya pikipiki tutasema machache. Hakuna namna ya kumfunga mtoto mdogo kwenye bodaboda ikawa salama, si mbele juu ya tangi, si katikati, si mgongoni. Anayeweza kutembea hadi zahanati na atembee. Aliye na mgonjwa wa haraka usiku atapanda kilichopo, na hapo neno letu ni moja tu kwa dereva: mwendo wa polepole, na abiria mmoja na mtoto wake, si wawili.

Tuwageukie wenye magari, na katika hadhara hii wapo, hasa vijana wetu madereva wa watalii. Ninyi mnajua jambo ambalo wengine hapa hawalijui. Mgeni akija na mtoto wa miaka miwili, kabla hajapanda ndege amekwisha kuuliza kampuni kama kiti cha mtoto kipo. Mnakifunga, mnakikagua, mnamzungusha mtoto huyo Ngorongoro siku tatu akiwa amefungwa vizuri. Jioni dereva anarudi nyumbani, anamchukua mwanawe mwenye umri ule ule, anamweka mapajani nyuma ya usukani ili ashike ashike. Hatusemi haya kwa kejeli. Tunauliza tu: ni mtoto yupi kati yao ambaye shingo yake ni ngumu zaidi? Na mkiwa na watoto kwenye gari lenye paa la kuinuliwa, wasisimame juu ya viti gari likitembea, hata porini, hata kwa mwendo wa konokono.

Kiti cha mtoto hufanya kazi kwa sababu huushika mwili mahali penye nguvu na kuutawanya mshindo. Shirika la Afya Duniani linasema matumizi ya viti hivi yaweza kupunguza vifo vya watoto kwa asilimia 60. Kwa mtoto mdogo kiti huelekezwa nyuma, yaani atazame alikotoka. Kichwa cha kichanga ni kama robo ya urefu wake wote na shingo bado ni laini. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti hukipokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Akitazama mbele, mabega hushikwa na kichwa peke yake huchomoka. Kanuni mpya za Umoja wa Mataifa zinataka hivyo hadi miezi 15 angalau, nasi tunashauri izidi hapo, kadiri kiti kinavyoruhusu. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Viti vingi vitakavyowafikia ni vya mitumba, kutoka Arusha au kwa ndugu aliye nje. Tumeviona vingine ambavyo ni pambo tu. Kabla ya kulipa, tafuteni lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara na namba ya kanuni, 44 au 129. Hapo pia pameandikwa uzito au urefu wa mtoto kinayemfaa. Vya Marekani havina herufi hiyo, vina maandishi yao marefu ya Kiingereza na tarehe ya kuisha muda. Kiti kisicho na lebo yoyote, chenye ufa, chenye mkanda uliochanika au kifungo kisicholia "tak" kinapofungwa, kiacheni hata kama ni cha bure. Muuzaji asiyeweza kusema kilitoka katika gari gani pengine anauza kiti kilichokwisha kugongwa, na kiti kilichogongwa hakitumiki tena.

Jambo moja la baridi. Miezi ya Juni na Julai mnawavika watoto sweta juu ya sweta, na blanketi juu yake. Mkanda ukikazwa juu ya nguo hizo unaonekana umekaza, kumbe umekaza pamba. Mvueni sweta nene, kazeni mkanda mpaka vidole viwili visiweze kuufinya begani, kisha mfunikeni blanketi kwa juu.

Mtatuuliza sheria inasema nini. Sheria ya Usalama Barabarani ilipotungwa mwaka 1973 haikuweka sharti la kiti cha mtoto, na kwa mtu wa kijijini sharti lisilo na bidhaa dukani lingekuwa kero nyingine tu. Lakini kujaza abiria kupita uwezo wa gari ni kosa, na hapo mna pa kushika. LATRA, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019, ndiyo inayotoa leseni kwa magari ya abiria, na leseni hiyo inataja idadi ya abiria wa kukaa. Anayeonewa aandike namba za gari, siku, saa na njia, ahifadhi tiketi, alete malalamiko kwetu, kwa askari wa usalama barabarani au ofisi ya kata. Mkanda uliofichwa chini ya kitambaa cha kiti nao ni lalamiko. Gari tulilokuja nalo lilikuwa nayo mikanda ya safu ya kati, yote mizima, imekaliwa na foronya. Ilituchukua dakika mbili kuitoa, na utingo mwenyewe alitushikia tochi ya simu.

Tunaye mama yule tuliyesafiri naye, amekuja kuketi nasi, na mtoto amelala. Mezani tumeweka kiti kimoja na mwanasesere wa kilo 7 tuliyemjaza mchanga. Gari la zahanati limeegeshwa nje, milango wazi. Tuwaombe wenye watoto chini ya miaka miwili watangulie, wawili wawili. Kila mmoja afunge na kufungua mara tatu kwa mkono wake mwenyewe, na anayekosea arudie. Utingo wetu ameahidi kutosubirisha, anaondoka saa tisa.